Njia ya Miguu Kando ya Bahari: Biashara Inayosubiri Amani Cabo Delgado

Kaskazini mwa Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji, ukitaja Italia watu wanafikiria gesi. Kampuni yake ya Eni ndiyo iliyoanza kusafirisha gesi ya bonde la Rovuma, Novemba 2022, kutoka Coral Sul, mtambo unaoelea baharini mbali na upeo wa macho ya watu wa Palma. Gesi inachimbwa huko, inapozwa hadi kuwa kimiminika huko, inapakiwa melini huko huko. Mvuvi wa Palma anaweza kuzeeka bila kuwauzia wafanyakazi wa mtambo ule hata samaki mmoja. Nchi kavu, rasi ya Afungi, TotalEnergies na washirika wake wana mradi wa dola bilioni 20 ndani ya uzio. Ulisimama Aprili 2021 baada ya Palma kushambuliwa na waasi, na tangazo la kuusimamisha liliondolewa Novemba 2025. Tangu hapo kurasa za biashara za kanda yetu zimejaa habari za zabuni, bima na meli.

Italia ina biashara nyingine ambayo pwani hii ingefaidika kuichunguza, na haihitaji bomba wala uzio. Ni biashara ya watu wanaotembea kwa miguu.

Mwaka 990 Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury, alikwenda Roma kupokea kitambaa cha mabegani kinachothibitisha cheo chake. Aliporudi, vituo vya safari yake viliandikwa kimoja kimoja, jumla 79. Karatasi hiyo ndiyo leo uti wa mgongo wa Via Francigena, njia ya mahujaji inayotoka Uingereza, ikapita Ufaransa na Uswisi, kisha ikashuka Italia kwa takriban kilomita 1,000 hadi Roma. Kwa karne nyingi ilikuwa imefifia, vipande vyake vimelimwa mashamba au vimefunikwa na lami. Mwaka 1994 Baraza la Ulaya liliitambua kuwa njia ya kiutamaduni, na mwaka 2001 manispaa zilizo kando yake ziliunda chama chao katika mji wa Fidenza. Mkoa wa Toscana ulitengeneza sehemu yake, ukaweka alama, ukahakikisha maji na malazi havikosekani. Hakuna aliyejenga kiwanda.

Faida ya biashara hii imo katika udhaifu wa mteja mwenyewe. Mtu wa miguu hawezi kubeba chakula cha wiki. Hawezi kuruka kijiji. Kila baada ya kilomita 20 au 25 amechoka, ana njaa, nguo zake zina jasho, na atanunua alichokikuta pale alipo. Anakwenda na kijitabu kinachogongwa muhuri kila kituo; kijitabu hicho humpatia kitanda cha bei nafuu parokiani au kwenye nyumba za mahujaji, na mwisho wa safari humpatia hati. Kule Corte Sant'Andrea, ambako njia inakatwa na mto Po, mahujaji huvushwa kwa mashua kama Sigeric alivyovuka. Mtalii wa hoteli kubwa huacha fedha nyingi mahali pamoja. Huyu wa miguu huacha kidogo, lakini huacha kila mahali, na mikononi mwa watu ambao hawana ofisi. Kwamba biashara hii inaweza kukua, Santiago de Compostela ya Hispania imeonyesha: katikati ya miaka ya 1980 mahujaji waliopewa hati hawakufika elfu tatu kwa mwaka, mwaka 2024 walikaribia 500,000.

Sasa tuirudie pwani yetu. Kutoka Palma hadi kisiwa cha Ibo ni takriban kilomita 175 kwa mstari ulionyooka, na vituo vipo tayari, vimewekwa na bahari na maji ya kunywa: Palma, Olumbe, Mocímboa da Praia, Quiterajo karibu na mdomo wa mto Messalo, Pangane, Mucojo, Quissanga, kisha kuvuka. Wamwani, wenyeji wa pwani hii, wameipita njia hii vizazi na vizazi, nusu kwa miguu nusu kwa dau, kwenda harusini, msibani, sokoni na kwenye maulidi. Misafara ya Wayao kutoka pande za Ziwa Nyasa iliishia kwenye bandari za pwani hii na Kilwa, imebeba pembe na kuswaga watu waliofungwa. Ibo ilitajirika kwa biashara hiyo, watu wakipakiwa majahazini kupelekwa visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, na ngome ya São João Batista ya mwaka 1791 bado imesimama kuwa shahidi. Mwongozaji atakayeipitisha njia hii bila kulisema hilo atakuwa anauza nusu ya bidhaa, na nusu iliyo rahisi.

Kipande kimoja, mwishoni mwa njia, kilikwisha kuwa biashara kabla ya vita: Ibo hadi kisiwa cha Quirimba. Maji ya bamvua yakitoka, mlango kati ya visiwa hivi viwili hugeuka mchanga na tope, na mtu huvuka kwa miguu kupitia msitu wa mikoko. Lazima uondoke na maji yanayopwa. Mwongozaji hutangulia na fimbo, akiusoma mchanga, maana kuna pahala panabeba mtu na kuna pahala panamla hadi goti. Viatu huvuliwa. Mizizi ya mikoko imejichomoza kama misumari, kaa wekundu wanakimbilia matunduni, na huko mbele wanawake wameinama na vikapu wakiokota chaza na kombe, nao wanaihesabu saa ile ile ya maji. Saa chache baadaye uko Quirimba, na kurudi ni kwa dau, maji yakiwa yamejaa. Kwa safari hiyo moja wamelipwa mwongozaji, nahodha, mpishi na muuza madafu. Wiki ya maji mafu njia hufungwa, na hakuna waziri anayeweza kuifungua.

Ibo yenyewe ina vitu viwili ambavyo mtembezi hununua kwa furaha kwa sababu havina uzito. Cha kwanza ni fedha. Masonara wa Ibo walizoea kuyeyusha sarafu kuukuu. Fedha huyeyushwa juu ya makaa, humiminwa kuwa kijiti, kisha huvutwa kupitia bamba la chuma lenye matundu, kutoka tundu pana hadi tundu jembamba, mpaka iwe uzi. Nyuzi mbili husokotwa pamoja, hupondwa kidogo, ndipo fundi anazikunja kwa koleo ndogo kuwa ua, jani au samaki. Hereni moja inaweza kula nusu siku ya mtu mwenye macho makali. Kabla ya vita mafundi walikuwa na karakana ndani ya ngome ile ile ya São João, na mnunuzi aliona kazi kabla ya kuuliza bei. Bei haikuwa na ubishi mrefu baada ya hapo.

Cha pili ni kahawa. Miti ya kahawa ya Ibo inaota viungani mwa nyumba, mbegu zake ni ndogo na kafeini yake ni kidogo kwa asili. Slow Food, jumuiya iliyozaliwa Bra, mkoa wa Piemonte, iliiingiza katika miradi yake ya kulinda vyakula vya asili. Kwa hiyo Italia ilikwisha kufika Ibo kwa njia ya kikombe, ingawa waliosikia habari za kikombe hicho ni wachache kuliko waliosikia za gesi.

Mfumo wa kisheria nao haukukosekana. Hifadhi ya Taifa ya Quirimbas ilianzishwa mwaka 2002, ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 7,500 za bahari na bara, na mwaka 2018 UNESCO iliitambua kuwa hifadhi hai. Kanuni za Msumbiji zinataka asilimia 20 ya mapato ya hifadhi yarudi kwa jamii zinazoishi ndani yake. Jamii inapaswa kwanza iwe na kamati iliyosajiliwa na akaunti ya benki. Kwa kijiji ambacho benki ya karibu iko mwendo wa siku nzima, sharti hilo peke yake ni ukuta.

Kisha mambo yakaharibika. Tarehe 5 Oktoba 2017 waasi walishambulia vituo vya polisi Mocímboa da Praia. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga Ibo na Macomia, kikaezua mapaa na kuangusha minazi. Agosti 2020 Mocímboa ilitekwa, ikabaki mikononi mwa waasi kwa mwaka mzima, hadi majeshi ya Rwanda na Msumbiji yalipoikomboa Agosti 2021. Hoteli za kifahari za visiwani, zile ambazo wageni wake walishuka kwa ndege ndogo, zilifunga milango. Watu waliohama mkoani kote walikaribia milioni moja. Madau yaliyokuwa yanabeba watalii yakabeba familia. Mwishoni mwa 2020 maelfu walikuwa wanashukia ufukwe wa Paquitequete, mjini Pemba, na Oktoba hiyo mashua moja iliyosheheni wakimbizi ilizama kati ya Ibo na Matemo, ikaua makumi ya watu. Wengine walitembea, siku kadhaa porini, watoto migongoni. Hata Machi 2024, wakati wengi walidhani mambo yanatulia, waasi waliingia Quissanga na kisiwa cha Quirimba chenyewe.

Kwa hiyo sisemi mtu afungashe mzigo leo aende kutembea kutoka Palma. Kipande cha Macomia hadi Mocímboa kina hatari, na anayeuza safari huko kwa sasa anacheza na roho za watu. Ninachosema ni kwamba njia hutengenezwa kabla ya wateja kufika, na kazi yake ni ya miaka. Bagamoyo wanalijua hilo. Njia ya misafara ya pembe na watumwa, Bagamoyo hadi Ujiji, zaidi ya kilomita 1,200, iliwekwa na Tanzania kwenye orodha ya awali ya UNESCO mwaka 2006, na hadi sasa bado inasubiri. Wakati huo wote kungewezekana kuweka vibao, kufundisha waongozaji na kukubaliana bei kati ya kituo na kituo, kwa maana hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji muhuri wa UNESCO kule Paris.

Lipo pia swali la mteja ni nani. Mipango mingi ya utalii wa pwani hii iliandikwa kwa ajili ya Mzungu mwenye kadi ya benki, na vita vilipofika Mzungu aliondoka siku ile ile. Tutazame Namugongo. Kila tarehe 3 Juni Uganda hukusanya umati mkubwa kwenye madhabahu ya mashahidi, wakiwamo wale 22 Wakatoliki waliotangazwa watakatifu mwaka 1964, na sehemu kubwa ya mahujaji hufika kwa miguu, baadhi kutoka Kenya na Tanzania baada ya kutembea majuma kadhaa. Ni wakulima, walimu, wanafunzi. Wanalala parokiani na mashuleni, wananunua maji, ndizi, dawa ya malengelenge, rozari, na nauli ya basi la kurudi. Hiyo ni njia ya hija iliyojengwa na Waafrika kwa shilingi zao wenyewe, bila brosha hata moja ya Ulaya.

Pwani ya Wamwani ina desturi ya aina hiyo. Twariqa za Kadiria na Shadhilia zina mizizi kule, kuna maulidi yanayoita watu kutoka visiwa vya mbali, kuna ziara za makaburi ya masheikh. Waasi wamezishambulia desturi hizo kwa maneno na kwa moto, na kwa wazee wengi kuzirudia ni sehemu ya kurudi nyumbani. Ibada yenyewe isiwekewe bei. Lakini anayekwenda kwenye maulidi anahitaji dau, mkeka, wali na chai, na huduma hizo zinaweza kuwekwa vizuri ili siku moja na mgeni azitumie.

Tufanye hesabu ya mfano, kwa bei ninazozikadiria mwenyewe. Watu 8 wanavuka Ibo hadi Quirimba na kulala usiku mmoja. Kila mmoja analipa meticais 600 kwa kitanda na chakula cha jioni, jumla 4,800. Mwongozaji anapata 1,500, dau la kurudi 2,000, chai na mandazi ya asubuhi 800. Jumla yote ni meticais 9,100, kama dola 142. Kwa Afungi hiyo si hata bei ya tairi la lori. Kwa Quirimba ni fedha ya usiku mmoja iliyogawanywa kwa kaya nne au tano, na karibu yote inabaki kisiwani, kwa sababu samaki, muhogo, nazi na kuni havikusafirishwa kutoka Pemba.

Hesabu hiyo huvunjika haraka bei isipojulikana. Nahodha akimtoza mgeni mara tatu, na mwenzake akamtoza mara tano, mgeni wa tatu haji. Waitaliano walilitatua tatizo hilo kwa vyama vya manispaa na orodha ya malazi iliyo wazi. Kwenye pwani hii tayari kuna mabaraza ya kijamii ya uvuvi yanayopanga nani avue wapi na kwa nyavu gani. Yanaweza kukaa na manahodha na kubandika ufukweni ubao mmoja wenye nauli za kuvuka, kalenda ya bamvua, na idadi ya watu ambayo dau halipaswi kuizidi. Baada ya ajali ile ya Oktoba 2020, idadi hiyo ndiyo iandikwe kwanza, kwa herufi kubwa.

Kampuni za gesi zina bajeti za kusaidia jamii, na mara nyingi fedha hizo hujenga majengo. Ningependa sehemu yake ilipie mafunzo ya waongozaji vijana wa Ibo na Quissanga, huduma ya kwanza na redio za upepo kwa madau, pamoja na mtu wa kuandika historia ya kila kituo kutoka kwa wazee waliobaki, kwa Kimwani, Kimakonde na Kireno, kabla hawajaondoka. Ibo ianze peke yake, na Quirimba ifuate usalama ukithibitika. Quissanga, Mucojo na vituo vya kaskazini vitaongezwa kimoja kimoja, kadiri wenyeji wake watakavyorudi kuishi na kuvua bila kulindwa na bunduki.