Kabureta ya Pikipiki na Hewa ya Dodoma

Pikipiki iliyorekebishwa vema mjini Dar es Salaam, ifikapo Dodoma huweza kusitasita mwendeshaji azungushapo mkono wa mafuta. Sababu si lazima iwe uchakavu wa injini. Huenda ikawa hewa. Dodoma iko yapata meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huko uzito wa hewa katika kila lita hupungua kwa takribani sehemu moja ya kumi.

Injini huhitaji takribani gramu 15 za hewa ili kuunguza gramu moja ya petroli. Kabureta huvuta petroli kwa kufuata zaidi kasi ya hewa kuliko uzito wake. Kwa hiyo petroli haipungui kwa kadiri ileile, na mchanganyiko huwa mzito. Dalili zake ni moshi mweusi na plagi yenye masizi. Vumbi la kiangazi likiziba chujio la hewa, hali huzidi.

Basi chujio lisafishwe kwanza. Kisha injini ipashwe moto, na skurubu ya hewa izungushwe polepole hadi mngurumo uwe wa kasi na laini kabisa. Endapo kusitasita kungalipo katikati ya mzunguko wa mkono, sindano ya kabureta hushushwa ngazi moja. Plagi ya rangi ya kahawia hafifu huonyesha kipimo sahihi.

Plagi ikiwa nyeupe, petroli imepungua mno: injini hupata joto kali na pistoni huweza kutoboka. Kwa hiyo pikipiki iliyorekebishwa kwa hewa ya Dodoma sharti ipimwe upya ishukapo pwani.