Kushawishi Si Kuamuru

Wahenga walisema kwamba maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Aghalabu methali hii hutajwa kwa kuusifu ulimi mwema, lakini mwenye kuizingatia ataona kwamba imebeba na onyo ndani yake. Nyoka anayetolewa pangoni kwa maneno hajui anaitiwa nini. Huenda anaitiwa jua la kuota, na huenda anangojewa na fimbo. Ndivyo ulivyo umma unaohutubiwa. Maneno yaweza kuutoa katika ujinga na maradhi, na maneno hayo hayo yaweza kuutoa katika akili zake.

Katika visiwa vyetu haipiti siku ila kuna mtu anayejaribu kumshawishi mwenziwe. Bwana Afya huhimiza watu wachemshe maji ya kunywa. Sheha huwakusanya wananchi awaeleze mradi uliokuja. Mgombea huomba kura. Wavuvi nao huandika barua kwa Mkuu wa Wilaya kulalamikia nyavu zinazokomba hata vitoto vya samaki. Baadhi ya maneno hayo huingia moyoni, na mengi hupita juu ya vichwa kama upepo wa kaskazi. Hapana budi basi tujiulize ni kitu gani kinachofanya neno moja likubaliwe na jingine likataliwe, hali yote mawili yana haki ndani yake.

Swali hili si geni. Katika karne ya 4 kabla ya Masihi, Aristotle wa Uyunani alieleza kwamba ushawishi husimama juu ya nguzo tatu, nazo ni sifa ya msemaji mbele ya watu, hoja anazozitoa, na hisia anazoziamsha katika nyoyo za wasikilizaji. Wanazuoni wa Kiarabu waliikuza elimu yao wenyewe ya jambo hili wakaiita balagha, elimu ambayo masheikh wa pwani yetu pia waliisoma na kuisomesha. Wao walisema kwamba ubora wa usemi, pamoja na ufasaha wake, ni kuafikiana kwake na hali ya yule anayeambiwa. Yaani msemaji hodari huanza kwa kumtazama msikilizaji wake, ndipo akayachagua maneno.

Mfano mashuhuri wa nguvu hizo, na wa hatari zake, umo katika tamthilia ya Shakespeare inayohusu kuuawa kwa Julius Caesar, ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili. Tafsiri hiyo ilitoka mwaka 1963, naye akairekebisha mwaka 1969. Baada ya Caesar kuuawa, wasemaji wawili wanapanda mmoja baada ya mwingine mbele ya watu wa Roma. Wa kwanza ni Brutus, mmoja wa waliomuua. Anatoa hoja zilizopangwa vyema, kwa sentensi zilizopimana, na anategemea heshima yake mwenyewe. Kisha anaondoka, akidhani kwamba shauri limekwisha.

Antony anayemfuata hashindani naye kwa hoja tu. Anaanza kwa unyonge, kana kwamba hakuja kutetea lolote. Anawasifu wauaji kuwa ni watu wenye heshima, na sifa hiyo anairudia mara nyingi hata inageuka kuwa tusi. Anautaja wasia wa marehemu, lakini hausomi mpaka watu wamwombe kwa makelele. Anawaonyesha vazi lililotobolewa kwa majambia, kisha maiti yenyewe. Watu waliokuwa wakimshangilia Brutus muda mfupi kabla ya hapo sasa wanataka kuzichoma nyumba za Brutus na wenzake.

Wasomaji wengi hukomea hapo, wakastaajabia werevu wa Antony. Lakini mara baada ya hotuba hiyo, umati uliopandwa na hasira unakutana njiani na mshairi mmoja aitwaye Cinna, ambaye jina lake limefanana na la mmoja wa wauaji. Mshairi anajitetea kwamba siye yeye. Hawamsikilizi, wanamrarua. Hiyo ndiyo gharama ya hisia zilizoachwa bila ya hoja kuzishika hatamu. Aliyeziwasha hakuwepo tena kuzizima, na aliyelipa hakuwa na kosa lolote.

Tusije tukadhani kwamba kuamsha hisia ni uovu. Mwezi Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera, Mwalimu aliwaeleza Watanzania kwa mambo matatu yanayokumbukwa hadi leo, kwamba uwezo wa kumpiga adui upo, sababu ipo, na nia ipo. Tuuchungue usemi huo. Idadi ya tatu hushikika kwa urahisi kichwani. Marudio yaliufanya usemi uwe na mdundo ambao hata mtoto aliweza kuurudia. Lakini ndani ya mdundo mlikuwa na hoja kamili. Anayeambiwa aingie vitani ana haki ya kuuliza kama vita vinawezekana, kama ni vya haki, na kama viongozi wamekata shauri. Maswali yote matatu yalijibiwa. Hisia na hoja zilikwenda bega kwa bega.

Yako pia mashauri yasiyotaka sauti kubwa hata kidogo. Mwaka 1973 Tanzania Bara iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio. Watu wazima wapatao milioni mbili walijiunga katika vikundi vya kusikiliza, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu chake. Kipindi kilipokwisha, wana kikundi walianza kuzungumza wao kwa wao juu ya kijiji chao, wapi mbu wanazaliana, nani hana choo, na nini kifanyike. Vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa malaki. Hata jina la kampeni halikuamuru lolote. Lilitaja ukweli mmoja, na msikilizaji akaachiwa kuikamilisha hoja kwa kinywa chake. Uamuzi ambao mtu ameutamka mwenyewe mbele ya jirani zake huwa mzito kwake kuuvunja.

Pamoja na njia hizo za wazi, lugha yetu ina njia za kificho ambazo kila mwananchi yampasa azijue. Ya kwanza ni kauli ya kutendwa. Tangazo husema, "Imeamuliwa," au "Hatua kali zitachukuliwa." Nani ameamua? Nani atachukua? Kitenzi kimemficha mtenda, na mwananchi mwenye neno la kusema hajui alipeleke wapi. Ndugu yake ni kauli ya kutendeka. Husemwa kwamba mashine imeharibika, kwamba mradi umekwama, kwamba fedha zimepotea. Kauli hizo hufanya mambo yaonekane kama yametukia yenyewe, kama vile mvua inavyonyesha. Mara nyingine ni kweli yametukia yenyewe. Lakini fedha hazina miguu, na msikilizaji makini ana haki ya kuuliza ni nani aliyezipoteza.

Njia nyingine imo katika silabi moja ndogo, yaani "tu". Afisa akisema, "Tumekubaliana," au "Tutafaidika na mradi huu," Kiswahili hakibainishi kama msikilizaji yumo katika hiyo "tu" au hayumo. Hivyo mkutano ambao wanakijiji walikaa kimya kutwa huweza kuandikwa kuwa mkutano uliokubali. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwani ardhi ya watu, au mwamba wao wa kuvulia, huweza kuondoka kwa silabi hiyo moja.

Methali nazo ni silaha. Atoaye methali huazima heshima ya wazee. Anayembishia yeye huonekana kana kwamba anawabishia wahenga. Kijana akiuliza swali barazani, huambiwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na swali likafa hapo hapo. Lakini hazina ya methali zetu ni pana, na imebeba pande zote za shauri. Anayetaka kuchelewesha jambo atasema haraka haraka haina baraka. Anayetaka kuliharakisha atasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Basi methali hupamba hoja na kuifanya ikumbukwe, ila haiwezi kushika mahali pa hoja.

Tukitaka kuona mambo haya yote karibu na nyumbani, na tukitazame kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, upande wa Chake Chake. Ni kisiwa kidogo, ambacho eneo lake halifikii kilometa moja ya mraba, lakini miamba yake inategemewa na wavuvi zaidi ya elfu moja kutoka vijiji vingi, ambao baadhi yao hupiga dago huko. Katika miaka ya 1990 palipokuwa na mpango wa kukikodisha kwa mwekezaji wa hoteli ya kitalii, wavuvi walipinga, na mpango huo ukaachwa. Hapo wenye visiwa ndio walioishawishi Serikali. Mwaka 1998 Misali ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi, na baadaye, mwaka 2005, ikaingizwa ndani ya hifadhi kubwa zaidi ya Mkondo wa Pemba.

Tangazo, hata hivyo, halizuii baruti wala sumu ya utupa. Bahari ni pana, maboti ya doria ni machache, na mwenye njaa hasomi sheria. Kuanzia mwaka 1999 ikajaribiwa njia nyingine ya kusema. Maimamu, walimu wa vyuo na wavuvi wenyewe walishirikishwa kulieleza suala la hifadhi kwa misingi ya dini ambayo wavuvi wa Pemba tayari wanaiamini, yaani kwamba binadamu ni khalifa aliyekabidhiwa ardhi na bahari kwa amana, kwamba viumbe vimewekwa kwa mizani, na kwamba israfu na ufisadi vimekatazwa. Tena kisiwa chenyewe kina simulizi yake. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri aliwatokea wavuvi, akawaomba msala wa kusalia. Walipomjibu kwamba hawana, alisema kwamba kisiwa hicho, kilivyoelekea kibla, ndicho kitakachokuwa msala wake. Na jina la Misali linasemwa kuwa limetokana na hapo.

Mtu asidhani kwamba uharibifu wote ulikoma siku moja, au kwamba mawaidha yanaondoa haja ya doria. Lakini hoja ya hifadhi ilibadilika sura. Hapo kwanza ilikuwa amri ya ofisi, na anayeikwepa alihesabika kuwa mjanja. Baadaye ikawa ni amana, na anayeivunja anajua kwamba amewakosea jirani zake na Mola wake, hata kama hakuna askari aliyemwona. Samaki ni wale wale, mwamba ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali hoja ilipoanzia. Ilianzia kwa msikilizaji. Hiyo ndiyo balagha kama walivyoieleza wanazuoni.

Yatupasa tuongeze tahadhari moja. Neno linaloanzia katika imani ya watu lina nguvu kubwa, na kwa sababu hiyo lina deni kubwa. Kama hifadhi ni amana, basi ni amana kwa kila mtu. Mvuvi hawezi kukatazwa mwamba wake kwa jina la amana huku mwenye chombo kikubwa akifumbiwa macho, wala ada za wageni wanaokuja kuogelea haziwezi kukusanywa bila ya wanavijiji kuelezwa zimetumikaje. Siku wananchi wakigundua kwamba maneno matukufu yalitumika kama chambo, hawatalikataa neno hilo moja tu. Watamkataa kila atakayekuja nalo baada ya hapo, hata akiwa mkweli. Sifa ya msemaji, ile nguzo ya kwanza ya Aristotle, hujengwa kwa miaka na huvunjwa kwa mkutano mmoja.

Kwa hiyo tunawausia viongozi wetu, wa Serikali Kuu na wa shehia, kwamba kabla ya kwenda kuwahutubia wananchi wajiulize mambo machache. Je, wananijua na kuniamini? Je, nimewapa sababu, au nimewapa vitisho? Je, nimemtaja aliyeamua, na mahali pa kupeleka malalamiko? Je, nimesikiliza kabla ya kusema "tumekubaliana"? Kiongozi asiyekuwa na majibu ya maswali hayo aahirishe mkutano, arudi akajitayarishe. Si aibu kuahirisha mkutano. Aibu ni kupata makofi leo na kukosa watu kesho.

Na wananchi wa visiwani nao wana wajibu wao. Hotuba tamu isikilizwe kwa masikio mawili, moja la utamu wake na moja la ukweli wake. Msemaji akilia, tumhurumie, kisha tumwombe ushahidi. Akitoa methali, tumshukuru, kisha tumwulize hoja. Akisema "sisi", tumwulize ni akina nani. Kuuliza si utovu wa adabu, maana baraza za wazee wetu zilisimama kwa kuulizana na kujibizana, wala mtu hakuondoka amevunjiwa heshima kwa kuulizwa.

Bahari tunayovulia, maji tunayokunywa na kura tunazopiga vyote vitaendelea kuamuliwa kwa maneno. Mwenye neno na alipime, na mwenye sikio naye alipime.