Sega la Madini la Kubebea Dawa

Kutengeneza dawa nzuri ni kazi moja, na kuifikisha mahali penye ugonjwa ni kazi nyingine. Watu wa Lubondja, katika milima ya Fizi, hawana haja ya kufundishwa neno hili. Masika yanapoanza, njia huwa matope matupu, na dawa iliyotoka Baraka asubuhi yaweza kulala njiani. Na hata ikifika salama, safari yake haijaisha: imebaki safari ya ndani ya mwili wa mgonjwa.

Safari hizo mbili zina adui zake. Adui wa kwanza ni joto. Twakumbuka ugonjwa wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, nao haukutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287. Mwezi Agosti 2019 ulifika hata Mwenga, jirani zetu wa Kivu Kusini. Chanjo ilikuwapo, tena nzuri. Lakini ilipasa kutunzwa katika baridi kali mno, kati ya digrii 60 na 80 chini ya sifuri. Fikirini shida ya kupeleka baridi ya namna hiyo katika vijiji visivyo na umeme!

Adui wa pili ni haraka. Dawa nyingi, zikiisha kumezwa, huingia katika damu kwa wingi, kisha hutoka upesi. Kwa hiyo mgonjwa hana budi kumeza tena na tena. Mwenye kifua kikuu cha kawaida hutumia dawa kila siku kwa muda wa miezi 6. Sasa jamaa inayokimbia vita usiku, ikiacha hata sufuria mekoni, itakumbuka vidonge? Na dawa ikikatwa katikati, vijidudu vilivyosalia vyaweza kujifunza kuishinda.

Basi, je, haiwezekani kuipa dawa nyumba ndogo ya kusafiria, itakayoilinda njiani na kuitoa polepole? Ndiyo kazi wanayoishughulikia wataalamu wengi siku hizi.

Tazameni fundi anavyojenga nyumba ya miti. Hushika fito, akazifunga kwa kamba penye mafundo, na kati ya fito hubaki nafasi. Wataalamu wa kemia nao hujenga vivyo hivyo, ila nyumba yao ni ndogo hata jicho haliwezi kuona vyumba vyake. Mafundo yao ni chembe za madini, kama chuma au zinki. Fito zao ni molekuli zenye kaboni. Vikichanganywa kwa kipimo chake, hujipanga vyenyewe, vikafanya kitu mfano wa sega la nyuki, chenye vyumba vitupu maelfu kwa maelfu. Gramu chache tu za sega hilo, kama kuta zake zingetandazwa, zingefunika kiwanja cha mpira.

Richard Robson alianza kazi hii huko Australia, akaitangaza mwaka 1989. Susumu Kitagawa wa Japani na Omar Yaghi wa Marekani wakaiendeleza, na mwaka 2025 wote watatu walipewa tuzo ya Nobel ya kemia. Vijana wa Fizi waliokulia katika kambi za wakimbizi ng'ambo ya ziwa na wasikie habari hii: Yaghi alizaliwa Amman, Yordani, mwaka 1965, mtoto wa wakimbizi wa Palestina. Jamaa nzima ililala katika chumba kimoja, pamoja na mifugo yao.

Wa kwanza kulijaza sega hilo dawa walikuwa wataalamu wa Ufaransa, mjini Versailles. Mwaka 2006 walionyesha kwamba gramu moja yaweza kubeba gramu 1.4 za ibuprofeni, dawa ya maumivu. Yaani mzigo kuupita mbebaji! Tena katika majaribio ya chomboni dawa ilitoka haba na haba kwa muda wa siku 6. Lakini sega lile lilijengwa kwa kromu, madini yanayoweza kudhuru mwili. Kwa hiyo wakajenga mengine kwa chuma, ambacho hata damu yetu inacho, na mwaka 2010 walitangaza kuwa yameweza kubeba dawa za saratani na za virusi. Mwaka 2015 wataalamu huko Australia walizifunika protini kwa ganda la zinki la namna hii, nazo zikavumilia joto ambalo lingeziharibu. Hapo ndipo lilipo tumaini la chanjo zisizohitaji barafu.

Hata hivyo tusidanganyane. Nyingi za kazi hizi zingali katika maabara na kwa wanyama. Yapasa kujua kwanza kama sega lenyewe halidhuru ini na figo, kama halimwagi dawa yote kwa mara moja, na kama laweza kutengenezwa kwa bei ya maskini. Mchuuzi akipita sokoni na kidonge cha namna hii, msitoe hata faranga moja.

Wakati tukingoja, sega letu ni uangalifu wetu. Dawa isiwekwe juani wala karibu na moto. Dozi imalizwe, ijapokuwa mgonjwa ajiona mzima. Anayelazimika kukimbia achukue vidonge vyake pamoja na karatasi ya matibabu, na afikapo atafute kituo cha afya upesi. Nanyi wanafunzi, msiione kemia kuwa somo la kukariri tu. Katika Fizi twajua sana madini yachimbwayo kwa ajili ya fedha. Yafaa watoke kwetu pia watu wa kuyafanya yaponye.