Joto la Musoma, Mvua ya Bukoba: Jinsi Ziwa Viktoria Linavyogawa Hali ya Hewa

Miji ya Bukoba na Musoma inatazamana kutoka pande mbili za Ziwa Viktoria, Bukoba ukiwa magharibi na Musoma mashariki, na kati yake kuna takribani kilomita 220, karibu zote zikiwa za maji. Miji hiyo iko karibu katika latitudo moja, yaani umbali wake kutoka Ikweta unakaribiana sana, na yote miwili imejengwa kandokando ya ziwa ambalo uso wake uko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa latitudo na mwinuko ndivyo vigezo ambavyo vitabu vya jiografia hutanguliza katika kueleza joto na mvua za mahali, msomaji angetarajia hali ya hewa ya miji hiyo ifanane. Haifanani. Bukoba hupata wastani wa milimita 2,000 hivi za mvua kwa mwaka, kiasi kinachozidi mara mbili ya kile cha Musoma, na alasiri ya kawaida ambayo Musoma hufikia nyuzi joto 28 au 29, Bukoba huishia kwenye nyuzi 26. Mashamba nayo yanatoa ushahidi wake, kwa kuwa magharibi kumetanda vibanja vya migomba na mibuni, hali mashariki, katika nyanda za karibu na maji, wakulima wanategemea zaidi mihogo na mtama, mazao yanayovumilia ukame.

Kabla ya kueleza chanzo cha tofauti hiyo, ni muhimu kufafanua maana ya kiangazi katika eneo hili. Katika nchi zilizo mbali na Ikweta, majira ya joto huja kwa sababu jua hupanda juu zaidi na mchana hurefuka, lakini pembezoni mwa Ziwa Viktoria urefu wa mchana haubadiliki kwa kiasi cha kuhisiwa, na tofauti ya joto kati ya mchana na usiku wa siku moja ni kubwa kuliko tofauti kati ya mwezi wenye joto zaidi na mwezi wenye baridi zaidi. Kiangazi cha hapa ni ukosefu wa mvua, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, na mara nyingi joto kali huja kikiwa kinaelekea ukingoni, mwezi Septemba na Oktoba, ardhi ikiwa imekauka na mvua za vuli hazijashika. Hata kipindi hicho hakigawanywi sawa: Julai inaweza kupita Mwanza bila mvua ya maana, wakati Bukoba haikauki kabisa.

Chanzo cha yote haya ni tabia ya maji. Kilo moja ya maji huhitaji nishati ya joto takribani mara tano ya ile inayohitajiwa na kilo moja ya mwamba au mchanga mkavu ili kupanda kwa nyuzi moja, na kwa sababu hiyo maji huchelewa kupata joto na huchelewa kulipoteza. Maji ya juu ya ziwa hukaa kwenye nyuzi 25 hivi karibu mwaka mzima, usiku na mchana, ilhali nchi kavu inayolizunguka huchemka adhuhuri na kupoa sana alfajiri. Jua linapopanda, hewa iliyo juu ya ardhi hupata joto, ikawa nyepesi na kupaa, na hewa baridi zaidi ya ziwani huja kujaza nafasi yake. Huo ndio upepo wa ziwa, ambao huanza kuhisiwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi na kupata nguvu alasiri. Usiku mwendo hugeuka, kwani nchi kavu hupoa kuliko maji, na hewa hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, sawa na upepo ambao mabaharia wa pwani ya Bahari ya Hindi huuita umande.

Ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800 huufanya mzunguko huo kuwa mtambo wa mvua. Mchana hewa hutawanyika kutoka ziwani kwenda pande zote, kwa hiyo anga ya katikati ya ziwa huwa nyeupe na mawingu hujipanga kama pete juu ya nchi kavu. Usiku pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji yenye vuguvugu, hewa iliyojaa mvuke hulazimika kupaa, mvuke hupoa na kuwa matone, na mawingu makubwa ya radi hukua gizani. Takribani asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani hutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa ya maji hayo hurudi hewani kama mvuke.

Kama hewa ingekuwa imetulia, mvua hiyo ingegawanyika kwa usawa. Lakini katika sehemu kubwa ya mwaka upepo mkuu wa eneo hili hutoka mashariki, nao husukuma mawingu ya usiku kuelekea magharibi, hadi Visiwa vya Ssese nchini Uganda na ufuko wa Kagera, ambako ardhi inayoinuka ghafla nyuma ya Bukoba huipandisha hewa na kuikamua maji yaliyosalia. Ndiyo maana mvua ya Bukoba ni zaidi mvua ya usiku wa manane na asubuhi, na ndiyo maana mawingu yake huzuia jua katika saa ambazo Musoma huwa imeanza kuungua. Mashariki mambo huenda kinyume, kwa kuwa upepo wa ziwa wa mchana huingia nchi kavu ukipambana na upepo mkuu, na mahali pepo hizo zinapokutana ni ndani zaidi, kwenye miinuko ya Tarime, Kisii na Kericho. Mvua za alasiri huangukia huko, na Musoma hubaki katikati, nyuma ya mvua za usiku na mbele ya mvua za mchana. Kericho, kwenye mashamba yake ya chai, mawingu hayo hupanda juu kiasi cha kuganda, na eneo hilo linajulikana duniani kwa mvua ya mawe, ambayo hunyesha zaidi ya siku 100 kwa mwaka.

Joto nalo hufuata umbo la ufuko. Kisumu iko ncha ya Ghuba ya Winam, ambayo ina kina kifupi na imeungana na ziwa kuu kupitia mlango mwembamba, kwa hiyo maji yake hupata joto haraka na upepo unaofika mjini si baridi kama ule wa ziwa la wazi; kuanzia Januari hadi Machi joto la mchana hugusa nyuzi 30. Entebbe, ambayo iko karibu na Ikweta kama Kisumu lakini imezungukwa na maji mapana, hubaki nyuma kwa nyuzi mbili tatu. Mwanza ina jambo lake, kwani vilima vya mawe ya matale vinavyobeba nyumba zake hufyonza jua mchana kutwa na kulitoa polepole baada ya magharibi, ilhali Shinyanga, safari ya saa chache kusini, hupata mchana mkali zaidi kwa kukosa upepo wa ziwa. Hata hivyo, nyuzi 30 za Shinyanga wakati wa kiangazi huvumilika kuliko nyuzi 30 za Kisumu, kwa kuwa katika hewa kavu jasho hukauka na kuupoza mwili, na katika hewa yenye unyevu hubaki limetanda juu ya ngozi.

Wanaoijua ratiba hii kwa gharama kubwa ni wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa zinazowavuta juu ya maji, zamani karabai na siku hizi mara nyingi taa za sola. Basi saa za kazi ndizo saa ambazo mawingu ya radi hukua. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba kati ya watu 3,000 na 5,000 hupoteza maisha ziwani kila mwaka, na dhoruba ni mojawapo ya sababu kubwa. Kukicha kazi huhamia nchi kavu, ambako dagaa huanikwa kwenye mchanga au kwenye vichanja: jua la Musoma huwakausha vizuri, lakini mvua ya asubuhi upande wa magharibi huweza kuharibu mavuno ya usiku mzima kabla hayajafika gulioni.

Kwa hiyo utabiri unaotaja Kanda ya Ziwa kwa sentensi moja humwacha mvuvi na swali lake lilelile, yaani upande gani na saa ngapi. Rada ya hali ya hewa iliyoko Mwanza, ambayo huyaona mawingu yakikua usiku juu ya maji, pamoja na tabiri zinazotolewa kwa kuligawa ziwa katika sehemu na siku katika vipindi, ni hatua kuelekea jibu, na haja yake inazidi kuwa kubwa kwa sababu tafiti zinaonyesha kuwa dhoruba kali za usiku ziwani zitaongezeka dunia inavyozidi kupata joto. Mvuvi wa Bukoba anayeingia majini saa moja jioni na mkulima wa Tarime anayepalilia saa nane mchana hawatishwi na wingu moja, ingawa mvuke unaoyajenga mawingu yao umetoka katika ziwa lilelile.