Makofi hayalipi dawa: Kinga ya msanii ianze kabla ya ugonjwa

KILA anapougua msanii mkongwe nchini, mambo hufuata mkondo ule ule. Picha yake akiwa kitandani husambaa, namba ya simu ya kupokelea michango hutangazwa, viongozi humtembelea hospitali, na baada ya wiki chache habari zake huzimika.

Huruma hiyo ni ya kweli na imewafaa wengi. Hata hivyo, huacha swali moja bila majibu: inakuwaje mtu aliyewaburudisha mamilioni kwa miaka 30 au 40 afike uzeeni akiwa hana bima, akiba wala mirabaha?

Swali hilo lilivuma mwaka 2018, wakati wa maradhi ya mchekeshaji Amri Athumani, aliyejulikana zaidi kwa jina la King Majuto. Alichangiwa na wadau, akapelekwa India kwa matibabu, na hatimaye akafariki dunia Agosti 8, 2018 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Sura yake ilikuwa imeuza filamu na kupamba matangazo ya biashara kwa miaka mingi.

Kutokana na sakata hilo, aliyekuwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, Dk. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Hatua hiyo ilikuwa na maana kubwa, kwa kuwa ilihamisha mjadala kutoka kitandani kwa mgonjwa na kuupeleka penye chanzo cha tatizo, yaani kwenye karatasi aliyotia saini alipokuwa mzima.

Kazi isiyo na mwajiri

Karani au mwalimu anapougua, nyuma yake yupo mwajiri aliyekuwa akimkata na kumchangia kila mwezi. Msanii wa jukwaani hana mtu wa namna hiyo. Hulipwa kwa onyesho, na onyesho lisipokuwapo, malipo nayo hayapo.

Haikuwa hivyo siku zote. Bendi ya NUTA Jazz, iliyozaa Msondo Ngoma ya leo, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walilipwa mshahara. Urafiki Jazz ilikuwa chini ya kiwanda cha nguo cha Urafiki, Dar es Salaam. Polisi na majeshi nao walikuwa na bendi zao. Mpiga tarumbeta alikuwa mtumishi kama watumishi wengine.

Mfumo huo ulipodhoofika pamoja na mashirika yaliyoubeba, wanamuziki wengi walibaki kutegemea kiingilio cha mlangoni. Walipata uhuru wa kuhama bendi na kujadili malipo yao, lakini wakapoteza kinga.

Udhaifu huo ulionekana wazi Machi 2020. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipotangaza kuzuiwa kwa mikusanyiko kutokana na virusi vya corona, kumbi zilinyamaza na mapato yakakatika mara moja. Nchini Kenya, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza Aprili mwaka huo kutengwa kwa Sh milioni 100 za nchi hiyo kuwasaidia wasanii. Lakini fedha za dharura, hata zikiwa nyingi, haziwezi kumfikia kwa haki msanii ambaye hayumo katika orodha yoyote.

Haki mbili katika wimbo mmoja

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 inatambua haki za aina mbili. Hakimiliki ni ya mtunzi wa kazi. Hakishiriki inawahusu wanaoifikisha kazi hiyo kwa watu, wakiwamo waimbaji, wapiga ala na waigizaji.

Kwa hiyo mpiga gitaa ambaye hakutunga hata mstari mmoja wa wimbo bado ana haki katika rekodi aliyoshiriki. Wengi hawalijui hilo. Huingia studio, hulipwa ujira wa siku moja na kuondoka, huku jina lake likiwa halikuandikwa popote.

Kwa mwigizaji, hali ni ngumu zaidi. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 uliwapa watumbuizaji ulinzi wa kimataifa, lakini ulinzi huo ulikoma pale mwigizaji anapokubali kurekodiwa katika filamu. Pengo hilo lilisubiri mkataba uliopitishwa Beijing mwaka 2012, ambao nao ulianza kutumika mwaka 2020.

Katika soko la filamu la Dar es Salaam, desturi iliyoota mizizi enzi za kanda na diski ilikuwa ni kuuza kazi mara moja kwa msambazaji. Mwigizaji alipokea fungu lake na habari ikaishia hapo. Filamu ikirudiwa katika televisheni kwa miaka kumi baadaye, hapati kitu, na mara nyingi hakuna sheria iliyovunjwa, kwa kuwa alikwisha kuuza kila kitu kwa saini moja.

Aidha, mirabaha haitoki yenyewe. Redio, hoteli au ukumbi hulipia kibali cha kutumia muziki. Kazi zilizotumika huorodheshwa. Kisha fedha hugawanywa kwa wenye kazi waliosajiliwa. Ikikosekana hatua moja kati ya hizo, msanii hapati kitu.

Januari 2022, COSOTA iligawa mirabaha ya takriban Sh milioni 312 kwa wasanii ambao kazi zao zilikuwa zimetumika. Mwaka 2023 ikaanzishwa tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwa vifaa vinavyotumika kunakili na kuhifadhi kazi za sanaa. Hizo ni hatua za kupongezwa, lakini faida yake inaishia kwa aliyejisajili.

Wenzetu wamefanyaje?

Ujerumani ilianza mwaka 1983 kuendesha mfuko wa hifadhi ya jamii kwa wasanii na waandishi waliojiajiri. Msanii huchangia nusu, kama afanyavyo mwajiriwa. Nusu ya pili hulipwa na kampuni zinazotumia kazi za sanaa, kwa asilimia 30, na serikali, kwa asilimia 20. Kwa maneno mengine, anayefaidi kazi ya msanii ndiye anayekaa katika nafasi ya mwajiri.

Ufaransa inatambua kwamba kazi ya jukwaani ni ya kukatika-katika. Msanii au fundi wa jukwaa akifikisha saa 507 za kazi katika miezi 12, anastahili fao la kukosa kazi kati ya onyesho moja na jingine. Corona ilipofunga kumbi, haki hizo ziliongezwa muda mwaka 2020.

Marekani, wanajukwaa walianzisha mfuko wao wa kusaidiana New York tangu mwaka 1882, na upo hadi leo. Lakini vyama vya huko havingoji msiba. Mwaka 2023, waigizaji wa filamu na televisheni waligoma kwa siku 118 wakidai, pamoja na mambo mengine, mgawo bora wa mapato ya filamu zinazotazamwa kwa intaneti na ulinzi dhidi ya matumizi ya akili mnemba.

Mgomo huo unaonyesha maana halisi ya kumpa msanii sauti. Sauti yake si kipaza sauti tu, bali ni kiti katika meza ambapo bei ya kazi yake inapangwa. Nchini yapo mashirikisho ya muziki, filamu, sanaa za maonyesho na sanaa za ufundi, lakini nguvu yake inategemea wanachama walio hai, wanaolipa ada na kuhoji viongozi wao.

Njia ya kuanzia ipo. Mfuko wa NSSF hupokea michango ya waliojiajiri. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kinachobaki kwa msanii ni kusajili kazi zake, kudai mkataba wa maandishi unaotaja muda na matumizi, na kukata fungu la akiba wakati jina lake bado linajaza ukumbi. Kwa redio, kumbi na watangazaji wa biashara, wajibu ni kulipia kile wanachokitumia.

Michango ya hospitali itaendelea kuhitajika, maana utu haungoji sheria. Lakini jamii inayomlipa msanii haki yake akiwa mzima haitalazimika kumchangishia kila mara akiwa hoi. Anayesubiri msaada huomba. Mwenye mkataba na kadi ya bima hudai kilicho chake.