Kaye ya michango: kwa nini tunaifungua baada ya kilio?

Kwetu Kilibula, habari ya shimo inafika kwa simu. Mara nyingi inafika usiku, kwa sababu kule Misisi ao Kamituga mtu anapanda kilima kutafuta réseau wakati kazi imeisha. Simu ikilia saa hiyo, mama wa nyumba haishiki haraka. Anaogopa.

Asubuhi vijana wawili wanapita nyumba kwa nyumba, kaye mkononi. Wanaandika jina, na pembeni ya jina franka. Huyu 2.000, yule 1.000, mama muuza ndagala 500. Jioni wanahesabu: sanduku, gari ya kuleta maiti, chakula ya matanga. Siku chache zikipita, watu wanarudi kwao. Mjane anabaki na watoto, deni ya duka, na minerval ya yule mkubwa anayesoma sekondari.

Kaye hiyo tunaijua. Tumeandika majina yetu ndani yake mara nyingi, na wengine kati yetu imewazikia baba ao kaka. Hatuisemi vibaya. Bila kaye, wengi wasingezikwa kwa heshima. Lakini tunauliza: kwa nini inafunguliwa tu wakati mtu amekwisha kufa? Na kwa nini majina yaliyo ndani ni ya maskini peke yao? PDG wa shimo labda yumo. Négociant aliyenunua dhahabu ya marehemu miaka mitano, jina yake haimo. Comptoir haimo. Leta haimo.

Maswali hayo ndiyo kiini cha kile wanachoita kwa kifaransa protection sociale, yaani hifadhi ya jamii.

Neno kubwa, jambo ya kila siku

Hifadhi ya jamii ni mpango unaowekwa mbele ya shida, ili mtu akigonjwa, akivunjika, akizaa, akizeeka ao akifiwa, nyumba yake isianguke. Inaachana na kaye ya matanga kwa mambo matatu. Kwanza, inakusanya mapema. Pili, inakusanya kwa watu wengi wa kazi nyingi, si kwa majirani tu. Tatu, anayepewa anapewa kwa haki yake. Mjane hapigi magoti mbele ya mtu.

Mwaka 1952, Shirika la Kazi la Kimataifa, lile tunaloliita BIT, liliandika mkataba nambari 102. Mkataba huo unataja mambo tisa: matunzo ya hospitali, ugonjwa, kukosa kazi, uzee, ajali ya kazi, kulea watoto, uzazi, ulemavu, na kufiwa na mwenye kulisha nyumba. Mchimbaji akisoma orodha hiyo ataona maisha yake yote imo. Mwaka 2012 shirika hilo likaongeza pendekezo nambari 202: kila inchi iweke kwanza msingi kwa watu wote, hata wale wasio na patron, kisha ipandishe polepole. Kwa hesabu ya BIT, mwaka 2023 watu 52,4 kwa mia duniani walikuwa na angalau msaada mmoja wa aina hiyo. Afrika hatufiki hata robo.

Sheria iko, lakini inamtafuta mwenye kontra

Kongo si inchi isiyo na sheria. INSS ilianzishwa mwaka 1961. Sheria nambari 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 ilibadilisha mambo mengi, na leo tunaiita CNSS. Kazi yake ina matawi matatu: pensheni, ajali na magonjwa ya kazi, na msaada kwa familia.

Hesabu yake ni hii. Kwa kila mshahara inatoka 18 kwa mia. Mfanyakazi anakatwa 5, mwenye kazi anatoa 13. Kama unalipwa franka 300.000 kwa mwezi, wewe unatoa 15.000 na patron anatoa 39.000. Ndani ya zile 13 za patron, 5 ni za pensheni, 6,5 ni za familia, na 1,5 ni za ajali na magonjwa ya kazi. Hiyo ya mwisho mfanyakazi hatoi kitu. Hatari ya kazi inalipwa na yule anayefaidika na kazi.

Lakini shida yetu iko hapa: mpango huu unashika mtu mwenye patron, kontra na fiche de paie. Mchimbaji wa mikono hana hata kimoja. Anagawana mawe na PDG. Mama anayetwanga mawe analipwa kwa beseni. Kijana anayebeba mifuko analipwa kwa safari. Ukiuliza patron ni nani, kila mtu anaonyesha mwingine.

Haikuwa vile siku zote. Wazee wetu wanaikumbuka SOMINKI, kampuni iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za zamani za Kivu na Maniema. Mfanyakazi wake alikuwa na nambari, na kampuni ilikuwa na hospitali na shule zake. Mwaka 1982 Leta ilifungua mlango: raia wakaruhusiwa kuchimba dhahabu na almasi kwa mikono. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka duniani, kampuni ikalegea. Mwaka 1997 SOMINKI ikafungwa, na wafanyakazi wake walidai décompte final miaka na miaka, mpaka wengine wakafa wakingoja. Watoto wao wakaingia mashimoni na pikipiki na nyundo, bila nambari. Dhahabu iliendelea kutoka. Hifadhi ndiyo iliyobaki nyuma.

Sheria ya mine nayo inamjua mchimbaji wa mikono. Code minier ya 2002, iliyobadilishwa mwaka 2018, inamtaka awe na carte na awe ndani ya koperative inayokubaliwa. SAEMAPE iko kwa ajili ya kumsaidia na kumuongoza. Basi mtu huyu anaandikwa na Leta anapochimba. Lakini akivunjika uti wa mgongo, carte yake haimpi hata kidonge.

Mambo matatu ambayo kaye haiwezi

Kuna wanaosema: "Sisi tuko na likelemba, tuko na AVEC, inatosha." Zinasaidia kweli. Lakini kuna mambo matatu yanayozishinda.

La kwanza ni kikohozi. Vumbi ya mawe ya quartz inaingia mapafuni pole pole. Mama anatwanga miaka kumi, kisha pumzi inakuwa fupi, hawezi kupanda kilima cha nyumba yake. Hakuna anayepita na kaye kwa ajili ya kikohozi. Matanga yana siku yake, ugonjwa wa kazi hauna siku. Kwa hiyo unahitaji mfuko unaolipa kila mwezi, kimya kimya, bila kilio.

La pili ni msiba wa wengi kwa pamoja. Tarehe 11 Septemba 2020 mvua kubwa ilijaza mashimo kule Kamituga. Viongozi wa jimbo walitaja hesabu ya watu karibu 50 waliokufa. Kama mfuko ni wa shimo moja, siku hiyo wenye kutoa na wenye kupewa ni watu wale wale. Hapa Uvira tuliyaona mwezi wa nne wa mwaka huo huo, wakati mto Mulongwe ulipotoka njia yake: makumi ya watu walikufa, nyumba kwa maelfu zikaharibika. Jirani angemchangia nani, naye amelala nje? Mfuko ukiwa na wachimbaji, wavuvi wa Kalundu, wauzaji wa soko na wakulima wa bonde la Ruzizi pamoja, mkono mmoja ukivunjika mingine inabaki.

La tatu ni uzee. Hakuna anayechimba akiwa na miaka 70. Kule Katanga, mwaka 2003 na 2004, Gécamines iliachisha zaidi ya wafanyakazi 10.000 kwa kuwapa franka za mara moja. Wengi waliona pesa hiyo ikiisha mbele ya uzee wenyewe kufika. Pesa ya mara moja si pensheni.

Wengine walifanyaje?

Inchi hazikupita njia moja. Tunaziona tatu.

Njia ya kwanza ni Leta kulipa kwa kodi ya wote, bila kuuliza kontra. Zanzibar, tangu Aprili 2016, ilianza kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20.000 kwa mwezi, awe alikuwa karani ao mvuvi. Baadaye kiasi kikaongezwa. Burundi, hapo ng'ambo ya Gatumba, mwaka 2006 iliondoa malipo ya matunzo kwa watoto chini ya miaka mitano na kwa mama wanaozaa. Hospitali zilijaa mpaka dawa zikakosa, na ilibidi kutafuta namna nyingine ya kuzilipa. Kwetu Kongo, shule ya msingi ya Leta ilifanywa bure mwaka 2019, na Septemba 2023 uzazi bure ukazinduliwa kwa kuanzia Kinshasa. Wazazi wanajua madarasa yalivyojaa. Funzo ni moja: neno "bure" lina mwenye kulilipa, na lazima ajulikane mapema.

Njia ya pili ni kupunguza mchango uingie mfukoni mwa mtu mdogo. Kenya ina mpango wa Haba Haba wa mfuko wa NSSF: mwenye kazi yake mwenyewe anaweka shilingi 25 kwa siku kwa simu. Mchimbaji hana mshahara wa mwezi. Wiki hii ana kitu, wiki tatu zinazokuja hana. Anaweza kulipa siku shimo inapotoa. Na simu ya kutuma franka, kila mmoja wetu anayo mfukoni.

Njia ya tatu ndiyo inayotuvutia zaidi: kukata kidogo kwa mali yenyewe. India, mwaka 1946, ilitunga sheria kwa ajili ya wachimbaji wa mika. Wachimbaji wengi walikuwa wadogo wadogo, patron hashikiki. Basi ushuru ukatozwa pale mika ilipotoka nje ya inchi, na franka zikaenda kwa matunzo ya wachimbaji na familia zao. Hawakuhangaika kumtafuta patron porini. Walimngoja bandarini.

Hapa kwetu mfuko wa kasiterite na wa koltani unafungwa étiquette ili ijulikane ulitoka shimo gani. Kama étiquette inaweza kufuata mawe mpaka ng'ambo, mchango wa mchimbaji nao unaweza kufuata njia hiyo. Dhahabu ni ngumu zaidi, kwa sababu inapita ndani ya mfuko wa suruali. Lakini mahali inapouzwa wazi, kila gramu inapimwa. Mizani iliyopima gramu inaweza kupima na mchango.

Tufanye nini sasa?

Hatutangoja Kinshasa tukikaa. Kuna mambo ambayo familia na koperative zinaweza kuanza.

Kama unafanya kazi kwa kampuni, uliza nambari yako ya CNSS, na uchunge kila fiche de paie. Kama unakatwa 5 kwa mia lakini jina yako haiko CNSS, hiyo ni franka yako inayopotea.

Baba na mama, andikeni mtoto kwa état civil mbele ya siku 90 kuisha tangu kuzaliwa. Andikisheni na ndoa. Mfuko wowote wa Leta utauliza karatasi. Mjane asiye na acte de mariage, mbele ya guichet ni kama hakuolewa.

Koperative ifungue kaye ya pili, tofauti na ya matanga. Tuchukue mfano: watu 100, kila mmoja franka 1.000 kwa wiki. Ni 100.000 kwa wiki, na 5.200.000 kwa mwaka. Négociant akitoa sawa na wao, ni 10.400.000. Kaye hiyo iandikwe na mtu mmoja, pesa ishikwe na mwingine, na hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi. Wamama wanaotwanga na vijana wanaobeba waandikwe pia, si wenye shimo tu. Sheria ya mutualité ya tarehe 8 Februari 2017 inaruhusu vikundi kama hivyo kutambuliwa na kuungana. Wakiungana shimo kwa shimo, mji kwa mji, ndipo wanaweza kubeba siku kama ile ya Kamituga.

Na tuwaulize viongozi, kwa mdomo na kwa barua: kwa kila gramu inayouzwa wazi, ngapi inarudi kwa aliyeitoa chini? Swali hilo si la siasa. Ni la yule mama ambaye simu yake ikilia usiku anaogopa kuishika.

Vijana wenye kaye watapita tena Kilibula, tunajua, na tutatoa. Ila siku hiyo tungependa mjane awe na kaye ingine kabatini, iliyofunguliwa wakati bwana yake alikuwa angali mzima, na jina ya mnunuzi iwe ndani yake.