Joto ya Mombasa Haitaki Soda

Wasee wa Nai wakishuka Mombasa Februari, kitu ya kwanza wanashika wakitoka stesheni ya treni pale Miritini ni soda baridi. Naelewa. Jua imewaka, tisheti imeshikana na mgongo, digrii ni 32 ama 33, na hewa imejaa maji hadi jasho inakataa kukauka. Lakini mwili wako haujaitisha sukari. Unataka maji na chumvi, juu hizo ndizo zinakutoka. Soda ya kawaida ya nusu lita imebeba sukari gramu 50 na ushee, karibu vijiko 13 vya chai, na sukari ikiwa nzito hivyo maji inakawia tumboni kabla iingie mwilini. Unamaliza chupa, unatembea kiasi, na kiu imerudi ikikuangalia usoni.

Watu wa pwani walisoma hii maneno kitambo sana. Cheki vitu zao tamu za mchana: karibu zote ziko na uchachu, ama chumvi, ama pilipili, ama tangawizi ndani. Tamu ya sukari tupu wanaiwekea usiku. Hiyo ndiyo rada nataka kukupea, na niko siriaz, juu inaniuma kuona mbogi ya vijana imejaa pale ufuoni Mama Ngina na makopo ya energy mkononi, na mzee wa madafu amekaa hatua tatu kutoka hapo hana kastoma.

Tuanze na yeye basi. Mama Ngina ilirembeshwa 2019, lakini mibuyu ni ile ile mikubwa ya zamani, na kivuli yake bado ni ya bure. Unamfikia mzee, unamsalimia vizuri, anakuuliza, "La maji ama la nyama, mwanangu?" Wageni wengi wanakwama hapo. La maji ni changa, limejaa, na ndani hakuna kitu ya kula. La nyama limeshika kidogo, maji imepungua, na nyama yake inatetemeka kama yai ya kuchemsha nusu. Ukiwa na kiu tupu, sema la maji. Kama hujadishi tangu asubuhi, chukua la nyama. Analishika mkono wa kushoto, panga inapita juu mara tatu nne, katobo kanatokea na hakuna hata tone imemwagika. Ukimaliza usilitupe, manze. Mrudishie, mwambie, "Mzee, nipasulie." Analigawa katikati, halafu anachonga kipande ya kumbi kutoka kwa ubavu wa dafu hilo hilo. Hiyo ndiyo kijiko yako.

Sukari ya dafu hata nusu ya ile ya soda haifiki, na potasiamu iko mob. Chumvi ndiyo kidogo. Ndiyo maana pale pale kando kuna mathe ako na embe mbichi za kukatwa, chumvi na pilipili ya unga. Hizo biashara mbili zinakaa pamoja kwa sababu zinahitajiana. Dafu mkono huu, embe mkono ule, na umejiseti.

Juisi ya miwa nayo inataka macho. Usiagize kama hujaona mashine ikifanya kazi. Mtu anayejua anapitisha muwa kwa rola mara ya kwanza, anaukunja, anaweka ndimu na kipande ya tangawizi katikati, halafu anarudisha, anarudisha tena, hadi inayotoka ni nyuzi kavu. Tangawizi inakuchoma koo kidogo, ndimu inakata ule utamu mzito. Bila hizo mbili ni sukari ya kijani, ipite. Na inywe ukiwa hapo hapo, juu ikikaa inageuka rangi na kuanza kuchacha.

Lakini mimi ni wa ukwaju. Hapo siwezi jifanya sina upande. Glasi ya ukwaju iliyotengenezwa poa inapiga mashavu kwanza, mate inajaa mdomoni kabla hujameza, halafu iliki inakuja polepole nyuma, na kama mpishi ni wa ukweli kuna kachumvi umesikia bila kujua ni nini. Ule uchachu wa kukuletea mate ndio unatuliza ukavu wa koo. Mwezi wa Ramadhani utaiona kwa kila meza ya futari kuanzia Mji wa Kale hadi Majengo, jagi imetoka jasho nje, tende kando. Na hizi miaka Ramadhani imeangukia joto kali: ya 2025 ilianza mwanzo wa Machi, ya 2026 ikarudi nyuma hadi Februari. Mtu amefunga kutwa nzima kwa hiyo jua, halafu adhana ya magharibi ikilia anashika ukwaju. Hakuna mtu atanishou ladha inashinda hiyo.

Shida ni wale wa kukoroga rangi na ladha ya unga kwa maji, wakakuuzia soo moja ati ni ukwaju. Ukwaju halisi ni kahawia, chafu chafu hivi, na ukiiacha kwa glasi inaweka masalio chini. Ikiwa nyekundu na unaona hadi ng'ambo ya glasi, umeuziwa hewa. Na usione aibu kuuliza maji imetoka wapi na barafu imegandishwa wapi. Kipindupindu inatembea na maji, na muuzaji msafi hukujibu bila kununa.

Watoi wana vyao. Mabuyu ya rangi nyekundu, yale yanakuachia ulimi na vidole kama umekula wino, na achari ya embe yenye pilipili ya kulia. Barafu ya ukwaju ilikuwa inagandishwa kwa kanailoni, unang'ata pembe unanyonya; mifuko za plastiki zilipopigwa marufuku Agosti 2017, jirani yetu aliyekuwa akiuza akahamia vikombe vidogo na kijiti. Ladha haikuhama.

Jua likizama sasa ruhusa. Upepo umegeuka, mwili umepoa, unaweza beba utamu wa kweli. Faluda si ya kuzima kiu hata kidogo. Maziwa baridi, sharubati ya waridi, tambi, zile mbegu za tukmaria zimevimba zikateleza, na aiskrimu juu: hiyo ni dishi ya kijiko, ya kukaa nayo na mtu mnapiga stori. Kaimati zitafute zikiwa moto, na shira imekauka ikawa ganda. Ukiing'ata lazima ilie kwanza, halafu ndani iwe laini, na tui la nazi lisikike. Ikiwa imelowa hadi katikati, hiyo ni ya jana. Halafu kuna wazee wa kahawa chungu Mji wa Kale, na dele zao za shaba na vikombe vidogo visivyo na mkono, kashata ya njugu kando. Kahawa moto kwa mji moto inakaa kama wazimu hadi ukae barazani nao uone venye kashata inahitaji ule uchungu.

Kama mfuko haukuruhusu kushuka pwani mwezi huu, ukwaju inakuja hadi Nai yenyewe, na ingine haitoki hata pwani, inatoka Kitui na Makueni. Chukua robo kilo pale Marikiti. Usiku iloweke kwa lita moja ya maji ya kuchemshwa, asubuhi ivuruge na mkono hadi kokwa zibaki tupu, chuja. Ongeza nusu lita ya maji, tangawizi ya kuponda, iliki, na chumvi ya kushika na vidole viwili. Sukari weka mwisho, kidogo kidogo, ukionja kila mara, na uachie kabla haijafunika uchachu. Friji masaa mawili. Siku tatu za kwanza iko fiti. Ikianza kutoa povu, mwaga uloweke ingine.